Vile Vitufe Vitatu vya Kwenye Kioo ni Ufunguo wa Nyumba

Magari yaliyotumika hayaachi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuja Lubumbashi. Mengi yanatoka Japani na Dubai, lakini yanayotoka Marekani nayo yapo: Jeep, Ford, Lexus, na zile Toyota kubwa. Haya ya Marekani mara nyingi yana vitufe vitatu vidogo chini ya kioo cha ndani, au juu ya kichwa cha dereva karibu na taa, na pembeni pamechorwa kanyumba. Wenye magari wengi hapa mjini hawajawahi kuvigusa. Mimi naona tunavichukulia kirahisi mno. Vitufe hivyo vinafungua lango la umeme la parsele, yaani la uwanja wa nyumba, na kitu kinachofungua lango hakikai ndani ya gari bila mwenyewe kujua kimebeba nini, maana ndani ya gari hilo anaingia dereva, anaingia fundi, anaingia kijana anayeliosha.

Mfumo wenyewe unaitwa HomeLink. Tangu mwaka 2013 uko mikononi mwa Gentex, kampuni ya Marekani iliyoununua kutoka Johnson Controls. Kazi yake ni kusikiliza telekomande (rimoti) ya lango lako, kujifunza ishara yake, na kuirusha yenyewe ukibonyeza. Kila kitufe kinaweza kubeba lango lake: moja la nyumbani, moja la kazini, la tatu la kwa wazazi.

Sasa, mwenye gari wa kwanza akiliuza bila kufuta, gari linasafiri na kodi za lango lake, yaani zile alama za siri ndani ya ishara zinazolifungua. Ya huko ng'ambo hayatuhusu sana, gereji yake iko mbali na bahari iko katikati. Linalonisumbua ni gari hilohilo likiuzwa mara ya pili hapa hapa. Lubumbashi mtu anamuuzia gari jirani, au mtu aliyeletwa na jirani. Aliyelinunua anajua parsele yako iko wapi, alikuja kuliangalia gari akiwa amesimama ndani ya uwanja wako. Ukimpa gari na vitufe vikiwa hai, umempa na lango.

Kwa hiyo siku gari linapofika, hata kama kwako lango ni la kusukuma kwa mkono, washa kontakti, shika vitufe viwili vya pembeni pamoja, usiviachilie. Baada ya sekunde 10 hadi 20 ile taa ndogo ya penye vitufe inaanza kupepesa. Achilia. Kodi zote za zamani zimeondoka. Usirudie kitendo hiki ukija kufundisha kitufe cha pili, kwa sababu kinafuta vyote, hata kile ulichokwisha kufundisha.

Kufundisha si kazi ngumu. Tia betri mpya kwenye telekomande ya lango, uisogeze karibu na vitufe vya gari, sentimita 3 hadi 8, kisha bonyeza vyote viwili kwa pamoja: kitufe cha gari unachotaka na kitufe cha telekomande. Taa inapepesa polepole. Ikibadilika ikaanza kupepesa haraka, gari limeelewa. Telekomande nyingine hukata ishara zenyewe baada ya sekunde chache; hapo endelea kushikilia kitufe cha gari, huku ile ya mkononi ukiibonyeza na kuiachilia, kuibonyeza na kuiachilia, mpaka taa ibadilike.

Ukijaribu na lango likasogea, kazi imekwisha. Lakini ukiona taa inapepesa haraka kwa sekunde mbili kisha inakaa imewaka tu, na lango limetulia, jua kwamba lango lako linatumia kodi inayobadilika kila unapobonyeza. Hapo gari peke yake halitoshi, ni lazima mota inayosukuma lango nayo ilikubali. Kwenye kichwa cha mota kuna kitufe cha kujifunza. Kikibonyezwa mara moja, una kama sekunde 30 za kurudi kwenye gari na kubonyeza kitufe ulichofundisha mara mbili au tatu. Vitabu vya magari vimeandikwa kwa watu ambao mota yao inaning'inia juu ya gari, ndani ya gereji. Kwetu mota iko chini, penye lango, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo. Mpange mlinzi pale na kisanduku kikiwa wazi, wewe kaa kwenye usukani, asubiri neno lako. Akipaza sauti, “Papa, imewaka, bonyeza!” muda unatosha kabisa.

Shida ya kweli inaanzia kwenye aina ya mota. Malango ya kuteleza tuliyo nayo huku yana mota za Afrika Kusini, za Italia na za China, na nyingi zinasikiliza mawimbi ya megahezi 433 na kitu. Gereji za Marekani zimezoea 315 na 390. HomeLink nyingi zinashika kuanzia 288 hadi 433, kwa hiyo mtu anaona mawimbi yanafika, anashangaa lango limekataa. Mawimbi kufika ni jambo moja, gari kuielewa kodi ni jambo jingine. Mota za Afrika Kusini nyingi zinatumia kodi ya kuruka, ile inayobadilika kila unapobonyeza, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoinua mikono: “Papa, hii haiwezekani, gari ni la Amerika.”

Inawezekana. Inanunuliwa risiva ndogo ya nje, yaani kipokea ishara, ambayo HomeLink inaielewa, inafungwa ndani ya kisanduku cha mota, na waya zake mbili zinaingia palepale panapoingia waya za kitufe cha ukutani cha kufungulia. Kwa mota, ni kama mtu amebonyeza kitufe cha ukutani. Telekomande za zamani zinaendelea kufanya kazi zake. Fundi anayejua kufunga kengele ya mlango anaweza kuifunga, na ningependa mafundi wetu walijue hili badala ya kumrudisha mteja mikono mitupu.

Nawasihi pia mkatae risiva ya kodi isiyobadilika, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Zile zenye swichi ndogo 12 zina kodi 4096 tu. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kwamba kifaa cha kuchezea watoto, kikibadilishwa kidogo, kinaweza kuzipitia zote kwa sekunde chache mpaka mlango ufunguke. Kodi ya kuruka ilibuniwa kuzuia wizi wa namna hiyo. Ile iliyoenea sana, KeeLoq, ilitengenezwa Afrika Kusini, kwenye kampuni ya Nanoteq, kabla kampuni ya Microchip ya Marekani haijainunua kodi hiyo mwaka 1995. Dawa ilitoka jirani yetu. Sioni sababu ya sisi kurudi kwenye kodi za zamani kwa ajili ya kuokoa dola chache.

Na umeme? Mota nzuri ina betri ndani, umeme ukikatika lango bado linafunguka. Betri ikichoka, kuna ufunguo wa kuilegeza mota ili lango lisukumwe kwa mkono. Ufunguo huo mlinzi aujue ulipo, na afundishwe kuutumia mchana, si usiku wa mvua na gari liko nje barabarani.

Narudi kwenye kuuza. Kufuta kwenye kioo cha gari ni nusu ya kazi. Kwa kodi ya kuruka, mota nayo inalikumbuka gari, na kumbukumbu hiyo inabaki mpaka uiondoe kule kwenye kisanduku. Mota nyingine zinakuruhusu kufuta telekomande mojamoja. Nyingine, kama zile za Chamberlain na LiftMaster, ukishikilia kitufe cha kujifunza kwa sekunde kama 6 mpaka taa yake izime, zinasahau zote, kisha unaanza kufundisha upya za watu wa nyumbani. Anayekuuzia gari asikie vibaya au asisikie, mwombe afute mbele yako. Na wewe ukiuza, futa mbele ya mnunuzi, akibonyeza aone lango halisogei.

Gari likiibiwa, hakuna kioo cha kufuta. Magari mengine vitufe hivi vinafanya kazi hata kontakti ikiwa imezimwa, na ndani ya gari mara nyingi kuna karatasi zenye anwani yako. Kabla hujaanza kuzunguka ofisi kutoa taarifa, nenda kwanza kwenye kisanduku cha mota ufute kila kitu, usiku huohuo.