Foleni ya kitubio huku ina watu wanne

Tumsifu Yesu Kristu jamani. Jumamosi iliyopita, wiki ya kwanza ya Majilio (kile kipindi cha kujiandaa na Noeli) inaisha, nimeenda kuungama nikakuta watu wanne, mi wa tano. Parokia nzima! Nimekaa benchi na kikaratasi changu, maana lugha ya huku ughaibuni bado inanipiga chenga, na dhambi nimezipanga kwa spidi ya nyumbani, ile ya kumaliza zote dakika moja na nusu kwa sababu nyuma yako kuna watu sabini na kuna mama anakohoa makusudi.

Nimeingia nikazimwaga. Nimemaliza, padre kimya. Ni mzee, nikadhani kasinzia. Kumbe ananingoja mimi. Akauliza, "Hiyo ya kutoongea na kaka yako, ilianza lini?"

Aisee nilikwama. Hiyo dhambi nimeiungama kila Noeli miaka tisa na hakuna padre aliyewahi kupata nafasi ya kuuliza ilianza lini. (Na msianze eti natoa siri ya kitubio, ile inamfunga padre, mi hainifungi.) Tulikaa mle kama dakika ishirini, nje hakuna aliyekohoa.

Sasa najua mnavyokuja. "Kashafika ughaibuni kaanza kutudharau." "Huko si ndo makanisa yanafungwa?" Ni kweli, sibishi. Misa ya Dominika hapa sisi ambao bado hatuna mvi tunahesabika, mtoto akilia watu wanageuka kama wameona muujiza. Noeli yenyewe madukani ilianza hata sikukuu ya Kristu Mfalme, ile ya kabla ya Majilio, hatujafika, na tarehe 26 utaona miti ishatupwa nje wakati Kanisa ndo kwanza liko kwenye oktava, zile siku nane za Noeli. Ile foleni ya nyumbani ningempigia picha huyu padre nadhani angelia. Watu wanasimama masaa juani kwa ajili ya kusamehewa tu, hakuna anayewalazimisha, hilo natembea nalo kifua mbele na nikibishana na watu wa huku ndo silaha yangu ya kwanza.

Ila ile foleni tunaitengeneza wenyewe, semeni nadanganya. Majilio ina siku 22 mpaka 28, inategemea Noeli imeangukia siku gani. Siku zote hizo tunakuwa wapi? Mazoezi ya kwaya, sare, mchango wa pango la Noeli, halafu kikao cha kujua mchango wa pango umefikia wapi, matangazo marefu kuliko mahubiri, na tarehe 23 jioni ndo wote tunamkumbuka padre mmoja. Na sisemi kama mtu wa pembeni, nilikuwa katibu wa kamati miaka mitatu. Nikivuta picha ya Majilio ya miaka ile naona daftari la michango, nani kalipa nani bado. Isaya anasomwa karibu kila siku kipindi kile na sikumbuki mstari hata mmoja, ila jina la aliyekuwa hajalipa nalikumbuka mpaka leo.

Mtasema padre mmoja vigango kumi (yale makanisa madogo ya parokia), afanyeje? Hapo nakubali kabisa, mapadre wa nyumbani wanachoka mpaka unawaonea huruma. Lakini mi nilikuwa nakaa karibu na kanisa, nani alinizuia kwenda wiki ya kwanza? Kanisa limekigawa kile kipindi, mpaka tarehe 16 tunaambiwa Bwana atarudi, kesheni, Yohane Mbatizaji anafoka kule jangwani, kuanzia 17 ndo tunasogezwa polepole Betlehemu. Sisi tunaruka Yohane tunaibukia horini.

Na wewe unayetaka kuandika kwamba dakika moja na dakika ishirini msamaha ni uleule, ni kweli, nimefundishwa na katekista kama wewe. Nilisamehewa miaka yote, sina wasiwasi. Ila mi ile foleni ilikuwa inanifaa. Unatamka "sielewani na ndugu" katikati ya uvivu wa sala na hasira, inapita, unapewa Salamu Maria tatu, huyo umetoka. Huku hakuna pa kujificha, mko wawili tu na saa ya ukutani.

Malipizi, ile kazi unayopewa baada ya kuungama, safari hii ni kumpigia simu kaka kabla mshumaa wa waridi haujawashwa, yaani kabla ya Dominika ya tatu. Mi nikamwambia padre si afadhali rozari nzima, akacheka akasema rozari sali tu na yenyewe.

Leo Ijumaa. Jana nilipiga ikaita mpaka ikakata. Baada ya kama saa nzima ikaingia meseji: "Nani mwenzangu?"

Namba yangu hana. Nimeandika jina nimefuta mara nne, bado sijatuma.