Nimemuua mgonjwa mara tatu, nikaenda kulala

Juzi usiku nimemuua binti wa miaka 22. Mara tatu. Ni binti wa kompyuta: kaletwa anatapika, anahema kwa nguvu, sukari 31, yaani kisukari kimemzidi mpaka damu imejaa asidi. Wa namna hiyo nimeshawaona wodini kwetu, kwa hiyo sikungoja. Dripu, insulini, chap chap. Mchoro wa moyo ukayumba, ukanyooka. Programu ikauliza: "Potasiamu yake ilikuwa ngapi?"

Ilikuwa 2.9. Potasiamu ni madini ya mwilini yanayosaidia moyo kupiga; ikishuka mno, moyo unaweza kusimama. Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu iingie ndani ya seli, kwa hiyo ikiwa chini ya 3.5 unaipandisha kwanza, ndipo insulini ifuate. Hilo nililijibia mtihani nikapata alama zote! Mara ya pili nilipima, lakini insulini nikaitundika kabla majibu hayajarudi. Mara ya tatu nikaviweka vyote viwili pamoja, kwa ujanja wangu.

Huku nilikokuja kusoma, kila ukitaka kipimo kwenye hiyo programu, kisanduku kinafunguka: unashuku nini, na kwa nini? Ukiagiza vipimo kama mtu anayetupa wavu, alama zinakatwa. Kwetu ile "kwa nini" unaimeza. Wanafunzi thelathini kitanda kimoja, bosi anatamka jibu, sisi tunaandika. Thubutu kubahatisha ukosee, utachekwa mpaka umalize chuo.

Najua mshaanza: kaenda juzi tu, leo anatufundisha. Tulieni. Wenzangu wa huku wanaisoma bandama kwenye picha. Mimi naipata kwa vidole, gizani. Kompyuta iliniandikia eti pumzi ya binti "ina harufu ya matunda." Nilicheka peke yangu. Sisi harufu ile tunakutana nayo mlangoni, hata faili halijafunguliwa.

"Kompyuta tutatoa wapi, na umeme je?" Howard Barrows, daktari na mwalimu wa madaktari huko Marekani, alianza miaka ya 1960 na mtu mzima aliyefundishwa kuigiza ugonjwa, wala hakuhitaji kioo cha kubofya. Karatasi inatosha: fungua ukurasa mmoja, taja unachoshuku, ndipo ufungue wa pili. Na msinichokoze, maana mashine tulikuwa nazo. Zilifungiwa chumbani, ufunguo anao mtu mmoja, na mtu mwenyewe yuko semina.

Halafu kuna wale wa "wagonjwa wa kweli tunao tele, wa kuigiza wa nini?" Hao ndio wananikera hasa. Nikiwa mwaka wa nne alilazwa kijana, anahema vilevile, sukari vilevile. Tulimwekea insulini usiku, alfajiri hayupo. Kwenye faili tukaandika kisukari, raundi ikasogea kitanda cha pili. Mpaka juzi, mbele ya kile kioo, sikuwahi kujiuliza potasiamu yake ilikuwa ngapi.