Wazo la nesi, kampuni ya nani?

Kila linapozuka suala la wauguzi kuingia kwenye ujasiriamali, mazungumzo huishia kwenye semina: wafundishwe ubunifu, wapewe vyeti, wapigwe picha ya pamoja. Mimi naona tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Wodini ubunifu haujawahi kuadimika. Mtazame nesi aliyemaliza kumwekea mtoto kanula, kile kijimrija kinachoingizwa kwenye mshipa ili kupitisha dripu. Anakata kipande cha boksi la dawa, anakivika pamba na bandeji, anakifunga chini ya kiganja ili mkono usikunjike na dripu isichomoke. Nesi wa zamu ya usiku akifika anaikuta dripu bado inapita, na boksi lile halimshangazi hata kidogo. Kinachoadimika ni mwenye wazo kuwa na kauli juu ya wazo lake.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa nje watoto njiti wapate jua. Kuna siku akawaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa na umanjano: ngozi ilikuwa imeanza kurudi katika rangi yake, isipokuwa kipande kimoja kilichobaki cha manjano iliyokolea, palepale shuka lilipofunika. Tiba ya mwanga kwa vichanga wenye umanjano, inayotumika hadi leo duniani kote, ilichipuka hapo. Makala ya kitabibu iliyoeleza matokeo hayo ilitoka mwaka 1958 na waandishi watatu. Ward si mmoja wao.

Hadithi ya Denmark inanigusa zaidi, maana ndani yake kuna fedha. Mwaka 1954 nesi Elise Sørensen alikuwa na dada yake, Thora, ambaye baada ya upasuaji alibaki akitoa haja kubwa kupitia tundu la tumboni. Akawa hatoki nyumbani kwa kuogopa kuvujiwa mbele za watu. Elise akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi, unaonata kwenye ngozi, ukijaa unatupwa. Akampelekea mhandisi mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, ambaye mwanzoni hakuona cha maana. Aliyemshawishi ni mkewe, Johanne, naye akiwa nesi. Mwaka 1957 Louis-Hansen akaanzisha Coloplast, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za vifaa vya aina hiyo.

Ukiniuliza, shujaa wangu pale ni Johanne. Wazo la wodini lilihitaji mtu anayeijua wodi akae karibu na mwenye mtaji. Elise alibahatika kumpata. Ni wangapi walioishia kwa mhandisi peke yake?

Ndiyo maana nataka wauguzi wawe upande wa pili wa meza, wakimiliki na kuamua. Jos de Blok, muuguzi wa Uholanzi, alichoshwa na huduma za nyumbani zilizokatwakatwa vipande na kuhesabiwa kwa dakika: huyu aje kuogesha, yule aje kuchoma sindano, mwingine afunge kidonda. Mwaka 2006 akaanzisha Buurtzorg, shirika la uuguzi wa majumbani, kwa timu moja ya wauguzi wanne. Kila timu haizidi watu 12, haina meneja, na wenyewe wanapanga ratiba na kuajiri wenzao. Miaka kumi baadaye wauguzi wake walikuwa takribani 10,000. Hakuna kifaa kipya kilichobuniwa pale. Kilichobadilishwa ni nani anapanga kazi, na hilo hakuna mwajiri ambaye angemruhusu kulijaribu.

Hapa niweke tahadhari. Siku hizi neno ujasiriamali linatumika kama kisingizio: mshahara hautoshi, basi nesi ajiongeze, auze vitu baada ya zamu. Huko ni kukwepa kumlipa. Mtu aliyesimama kwa muda wa saa 12 hana akili ya kuchora mchoro wa kifaa usiku. Hospitali inayotaka ubunifu kweli itenge saa ndani ya zamu, pamoja na bajeti ndogo ya majaribio ambayo nesi anaweza kuitumia bila kuomba saini tano.

Na wewe nesi mwenye wazo, kabla hujalimwaga kwenye kikao cha asubuhi, soma mkataba wako wa ajira. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema ulichobuni kazini ni mali ya mwajiri. Kama kimo, jadili mgawo wako mapema, kwa maandishi. Andika tarehe na michoro kwenye daftari lako, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Ukiulizia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako bila idhini, ulizia kabla hujalitangaza hadharani, kwa sababu katika nchi nyingi wazo lililokwisha kutangazwa halipewi hataza tena.