Siku za Kunyonga Baiskeli Polepole Zina Kazi Gani?

Jumanne alfajiri, kwenye tambarare unayopitia kabla ya Limuru ukitokea Kikuyu, mzee mmoja alinipita akiwa juu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Nyuma alikuwa amefunga mitungi miwili ya maziwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na kila aliponyonga, goti lake la kushoto lilichomoka nje kidogo. "Habari ya asubuhi, kijana," akasema bila kugeuka. "Nzuri, mzee wangu." Saa yangu ya mkononi ilisoma mapigo ya moyo 124 kwa dakika. Siku hiyo nilikuwa nimejiwekea mpaka wa 130, kwa sababu Jumatano ilikuwa siku ya mlima. Miguu ilitamani kumfuata. Nikaiacha gia ilipokuwa, na ile mitungi ikamezwa na ukungu.

Mtu anayetaka kuongeza kasi ana sababu gani ya kukubali kupitwa na mzigo wa maziwa? Swali hili nalisikia mara nyingi zaidi tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, vilima kwa vilima. Tadej Pogačar akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Ukishatazama mbio kama zile unatamani kujitesa kila siku. Ndiyo maana kwenye vikundi vyetu vya Jumamosi kuna kambi mbili. Moja inasema kunyonga polepole ni matembezi, na mwenye saa chache asizitumie kutembea. Nyingine imeshika hesabu ya 80 kwa 20: sehemu kubwa ya mazoezi iwe laini, sehemu ndogo iwe kali. Mimi niko karibu zaidi na hiyo ya pili, ila nadhani wengi tunaoitetea tunaieleza vibaya.

Hesabu hiyo inatajwa sana pamoja na jina la Stephen Seiler, Mmarekani anayefundisha chuo kikuu nchini Norway. Alichunguza jinsi wanamichezo bora wa masafa marefu wanavyofanya mazoezi, wakiwemo wanaoteleza kwenye theluji, wapiga makasia na waendesha baiskeli, akakuta muundo unaofanana: takriban vipindi vinane vya mazoezi katika kumi ni vyepesi. Kwa huku kwetu mfano uko karibu. Kaptagat, ambako bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge amefanya mazoezi miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, wiki imejengwa juu ya siku tatu nzito: uwanjani Jumanne, mbio ndefu Alhamisi, fartlek (kubadilisha kasi na taratibu katika mbio moja) Jumamosi. Siku za katikati ni za kukimbia taratibu, na wakimbiaji wa Bonde la Ufa wanajulikana kwa kuanza mbio hizo kwa mwendo ambao mgeni yeyote mwenye afya angeweza kuufuata.

Mwendo huo una kazi ndani ya mwili. Unaponyonga taratibu kwa muda mrefu, misuli inatumia zaidi mafuta, mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, zinaongezeka, na mishipa midogo kabisa ya damu inachipuka kuzunguka nyuzi za misuli. Akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini, haiguswi sana, kwa hiyo kesho unaamka na miguu. Ukipandisha kasi mpaka unapumua kwa shida, faida hizo hazikomi, lakini gharama inapanda haraka kuliko faida, na unailipa siku inayofuata.

Ile Jumatano nilikuwa na vipindi vinne vya dakika nane kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu, ile barabara ya zamani yenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Dakika nane sikuziokota njiani. Katika utafiti uliochapishwa 2013, Seiler na wenzake waliwalinganisha waendesha baiskeli wa kawaida waliofanya vipindi vinne vya dakika 4, 8 au 16, na wale wa dakika nane ndio walioendelea zaidi. Kipindi cha kwanza ni rahisi kujidanganya. Cha nne ndicho kinachosema kweli: ukiwa ulimfukuza mzee wa maziwa jana, kwenye cha nne unashuka kasi, malori yanakupita yakitoa moshi, na unarudi nyumbani umechoka bila kufikia ulichokifuata. Kwangu hoja kuu iko hapo. Siku nyepesi inalindwa ili siku ngumu iwe ngumu kikweli.

Sasa upande wa pili, na nautaka usikilizwe vizuri, kwa sababu wanaousema mara nyingi wana haki.

Wanamichezo waliochunguzwa hufanya mazoezi saa 15, 20, wengine hadi 30 kwa wiki. Hakuna mwili unaobeba saa 25 za ukali. Lazima nyingi ziwe laini. Lakini mtu wa kazi ya ofisi anayepanda baiskeli Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ana siku nne za kukaa kitini, na hizo siku nne tayari zinampumzisha. Ukimwambia asilimia 80 ya saa zake tano iwe polepole, unamwachia saa moja tu ya kazi kali. Kwa huyo, vipindi viwili vikali na kimoja kirefu cha taratibu ni mpango mzuri kabisa, ingawa ukihesabu vipindi haufikii 80 kwa 20 hata kidogo. Isitoshe, hesabu ya Seiler ni ya vipindi vizima vya mazoezi. Ukihesabu dakika, sehemu ya ukali kwa wale mabingwa ni ndogo zaidi. Wengi wetu tumechanganya vipimo hivyo viwili, tukawakatisha tamaa watu wenye nafasi ndogo.

Kuna pia Norway yenyewe. Mkimbiaji Marius Bakken, aliyewahi kufanya mazoezi Kenya, alijenga mfumo wa kazi nyingi za kasi ya kati, karibu na kile kizingiti ambapo lakteti, kitu ambacho misuli huzalisha zaidi inapofanya kazi kali, huanza kujilimbikiza kwenye damu. Mkimbiaji mwenzake wa Norway, Jakob Ingebrigtsen, amekua ndani ya mfumo wa namna hiyo, na ana dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris. Kwa hiyo kusema eneo la katikati ni sumu siyo kweli. Ila tazama wanavyolifanya: wanatoboa kidole au sikio, wanapima lakteti kati ya vipindi, na ikizidi wanapunguza mwendo. Ile katikati ya Jumamosi yetu haina mpimaji. Tunaanza tukipiga soga, tukifika Rironi mmoja anavuta, wa pili anajibu, wa tatu hataki kuachwa, na ndani ya dakika kumi kila mtu yuko kwenye ukali ambao hakuuchagua. Tunarudi tukiwa hatukufanya siku nyepesi wala siku ngumu. Mtu akiishi hivyo wiki baada ya wiki, kasi yake inasimama palepale, na mara nyingi dawa anayojipa ni kuongeza nguvu.

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya Ulaya havituandalii. Kiambu haina tambarare ya kutosha. Kwenye mwinuko wa asilimia saba, mtu mwenye gia ya meno 39 mbele na 25 nyuma, akinyonga mizunguko 60 kwa dakika, anakwenda karibu kilomita 12 kwa saa, na kwa wengi wetu hiyo tayari ni kazi nzito. Hawezi kwenda polepole hata akitaka. Akifunga 34 mbele na kaseti (seti ya gia za nyuma) yenye meno 34, mizunguko ileile inampeleka kilomita saba na nusu hivi, na mapigo yanatulia. Kabla ya kununua magurudumu ya kaboni, badilisha kaseti. Wa pwani wana tatizo tofauti: Mombasa au Dar kukishapambazuka, damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, na mapigo yanapanda ingawa mwendo ni uleule. Huko siku nyepesi iwe ya alfajiri, au ukubali kupunguza mwendo zaidi.

Tena mwili hauhesabu baiskeli peke yake. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, fundi aliyebeba saruji mchana kutwa, mama aliyeamka mara tatu kunyonyesha, hao wameshatumia sehemu ya nguvu za siku ngumu kabla ya kugusa pedali. Kwao ningehamisha kipindi kikali bila kuona aibu yoyote.

Kipimo changu cha upole ni mazungumzo. Ukiweza kusimulia kisa kirefu, pamoja na nani alisema nini, bila kukata sentensi kutafuta pumzi, uko mahali pake. Ile hesabu ya 220 ukitoa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi kwa mtu mmoja mmoja, usiitegemee peke yake.

Halafu kuna matembezi yenyewe, yale ya kusimama kunywa chai. Wakali wa kambi zote mbili huyadharau, na mimi niliyadharau kwa muda mrefu. Mwili unachovuna humo ni kidogo kwa aliyekwisha kukomaa, nakubali. Lakini nimewaona wenzangu wenye vipaji kunishinda wakining'iniza baiskeli ukutani mwaka wa pili, kwa kuwa kila wakiitazama wanakumbuka maumivu. Jumapili naenda msitu wa Karura na binti yangu. Ana miaka tisa, anasimama kila anapoona nyani, na mapigo yangu hayafiki 100. Tukirudi naandika kwenye daftari la mazoezi, chini ya ile Jumatano ya Mai Mahiu: saa moja na nusu, nyani sita, miguu mizima.