Wastaafu Hawa Wanatulindia Mfuko, Tuache Kuwafukuza

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la watumishi, mtu alituma picha ya wazee wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja ya Serikali, bahasha za kaki mapajani. Walikuwa wamepeleka barua kuhusu kikokotoo, ile fomula ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu. Chini ya picha mwenzetu akaandika: "Hawa si walishakula chao? Waende wakalee wajukuu." Vicheko vikafuata, vingi tu, na waliocheka ni watu ninaofanya nao kazi, wenye miaka 35, 40, 45. Imenichoma mpaka leo.

Sasa nawajibu hapa, kwa urefu, kwa sababu kwenye kundi ningejibu kwa hasira na ujumbe ungezikwa chini ya picha za harusi.

Wazee wale wengi wamestaafu kabla ya Julai 2022. Walilipwa kwa fomula ya zamani: mkupuo, yaani fedha za kulipwa kwa mara moja, asilimia 50, pensheni ya kila mwezi ikaanza, wakaondoka. Kikokotoo kipya hakiwagusi hata kwa shilingi moja. Hakuna barua watakayoandika, wala mkutano watakaokwenda, utakaowaongezea chochote kwenye mkupuo ambao walishaupokea na wakaujengea. Anayesubiriwa na kikokotoo kipya ni wewe uliyecheka, na mimi. Wale wanapanda basi kwa nauli yao, wanakaa kwenye benchi tangu asubuhi, wanaambiwa njoo kesho, kwa ajili ya mafao yetu sisi.

Najua wengi hamjawahi kukaa chini mkapiga hesabu. Mimi nilipigiwa na mzee mmoja mtaani kwetu, mhasibu mstaafu wa halmashauri, ambaye sebule yake imegeuka ofisi ya watu wanaokaribia kustaafu. Hatozi kitu. Nilimwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, umebakiza miaka mingapi?" Nikamtajia. Akafungua kaunta buku, akavaa miwani, akaanza kuandika.

Chukua mtumishi ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na amechangia miezi 360, miaka 30 kamili. Kwa fomula ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa Serikali na wa halmashauri, unazidisha milioni 12 kwa miezi 360, unagawanya kwa 540, unapata pensheni ya mwaka ya milioni 8. Nusu yake, milioni 4, unazidisha kwa 15.5: mkupuo milioni 62. Nusu inayobaki ndiyo pensheni, kama 333,000 kwa mwezi.

Fomula ya Julai 2022 inagawanya kwa 580, inatoa mkupuo asilimia 33, na inazidisha kwa 12.5. Mtumishi yuleyule, mshahara uleule, miaka ileile: mkupuo milioni 30.7. Pensheni inapanda hadi kama 416,000. Zaidi ya nusu ya mkupuo imeondoka.

Juni 2024 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alitangaza bungeni kwamba tuliokuwa kwenye asilimia 50 tukashushwa hadi 33 sasa tutapata 40, na waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 25 watapata 35. Makofi yakapigwa. Wengi wetu tukadhani tumerudishiwa karibu yote, ukilinganisha 40 na 50. Mzee akanionyesha kwa kidole: asilimia imesogea, lakini 580 ipo palepale na 12.5 ipo palepale. Mkupuo unakuwa milioni 37.2 na pensheni kama 372,000. Ukilinganisha na zamani, umepoteza karibu milioni 25 mkononi, na umeongezewa kama 39,000 kwa mwezi. Ili hizo 39,000 zifidie milioni 25, unahitaji kuishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Ukistaafu kwa lazima ukiwa na miaka 60, utakuwa na 112.

Nilikaa kimya. Miaka yote niliyokatwa mshahara hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hesabu hiyo, si mwajiri, si chama changu cha wafanyakazi ambacho nacho kinanikata kila mwezi. Nimeonyeshwa na mzee ambaye hana faida yoyote nayo.

Sisemi fomula ya zamani ilikuwa haina tatizo. Ilikuwa nalo, na wazee wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo. PSPF ilifika mahali watu wanastaafu na wanasubiri mafao miezi na miezi. Lakini hapa ndipo wale wazee wanapotufaa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao wanajua mfuko uliumwa na nini. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali hatukuwa na utaratibu wa kuchangia. Pensheni ililipwa na Hazina. PSPF ilipoanza mwaka ule ikabebeshwa kuwalipa watu kwa miaka yote waliyofanya kazi kabla yake, miaka ambayo mfuko haukupokea hata senti. Serikali ilitakiwa kuleta fedha hizo. Deni likalala, likakua, likafika matrilioni. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo. Ongeza na mikopo ambayo mifuko ilitoa kwa miradi ya Serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma mnachokiona pale kwenye vilima kilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, fedha za wanachama, na marejesho yake yamekuwa hoja kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo tunapoambiwa kikokotoo kilibidi kishuke ili mfuko uendelee kuishi, swali la kwanza ni nani aliudhoofisha. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekatwa asilimia 5 yake kila mwezi bila kukosa hakuudhoofisha. Kijana aliyeajiriwa mwaka 2015 hawezi kuuliza swali hilo kwa sababu hakuwepo. Afisa wa sasa anayelijua hatauliza, ana barua ya kupandishwa cheo inayosubiri saini. Mhasibu aliyestaafu, aliyeshika vocha za mwaka 1999 kwa mikono yake, anauliza. Hana cha kuogopa, na anakumbuka. Ukimfukuza huyo aende kulea wajukuu, umefukuza kumbukumbu yote ya mfuko.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani watumishi wengi hawajalifikiria. Siku unapostaafu unatoka kwenye chama cha wafanyakazi, maana chama kinaishi kwa makato ya mshahara na wewe mshahara huna tena. Huwezi kugoma, huna wa kumgomea. Mei Mosi unatazama kwenye televisheni. Umebaki na kalamu, na muda, na wenzako wachache wenye afya. Ndiyo maana wanajitolea. Hawana njia nyingine, na bado wanaitumia hiyo kwa ajili ya watu wengine.

Wanaodhani kelele hazisaidii wakumbuke 2018. Sheria namba 2 ya mwaka huo iliunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, tukapata PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na kanuni zilizofuata zikashusha mkupuo hadi asilimia 25 kwa wote. Watu walilalamika kila kona, vyama, wabunge, wazee, walimu waliobakiza miezi. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha na kuagiza kikokotoo cha zamani kiendelee mpaka 2023. Maelfu ya watu walistaafu katika dirisha hilo kwa asilimia 50. Wengine wako kwenye familia zenu. Nyumba waliyojenga mnaijua.

Na wanaodhani mfuko hauwezi kukupotea wakumbuke wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, posta na simu, bandari, ndege. Jumuiya ilivunjika 1977, mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa 1984, na kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa watu wake. Miaka ya 2000 wazee wetu walikuwa bado mahakamani na barabarani katikati ya Dar es Salaam wakidai. Nilikuwa kijana, niliwaona kwenye taarifa ya habari wakiwa wamelala chini na mikongojo yao kando, na nakumbuka watu wazima wakisema wanasumbua. Wengi walikufa wakidai. Waliobaki walijitolea kutunza majina ya wenzao waliokufa, ili wajane na watoto wasifutwe kwenye orodha. Bila daftari za wazee wale, nani angejua nani alifanya kazi stesheni gani?

Kazi ya kujitolea yenyewe haina fahari. Nimeiona sebuleni kwa yule mzee. Mama mmoja, muuguzi, amebakiza mwaka. Barua ya kuthibitishwa kazini haipo kwenye faili, jina kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kwenye hati ya malipo, na kuna miezi kadhaa ya zamani ambayo mwajiri alikata lakini haionekani kwenye taarifa ya michango. Mzee anamwandikia barua ya kwanza, anamwambia aende kwa afisa utumishi, apigiwe muhuri kwenye nakala, asiache ya asili popote. "Kila karatasi wakupe waliyopokea, mama. Usiseme tu umepeleka." Mwingine amekuja akitetemeka, kapigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa mfuko, anataka atumiwe pesa ili mafao yatoke haraka. Mzee akamnyang'anya simu, akafuta namba, akamkalisha akanywa chai kwanza. Wapo wanaoletwa wakiwa wameshaweka rehani kadi ya benki kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, kwa sababu mafao yalichelewa. Kwa hao mzee anakuwa hana la kufanya zaidi ya kwenda nao kituo cha polisi.

Ndiyo, wapo wastaafu wanaosambaza sauti za uongo WhatsApp, kwamba mfuko umefilisika, kwamba mwezi ujao hakuna pensheni. Wapo wanaoomba "ya maji" kabla ya kukusaidia. Nakubali. Ni wachache, na dawa yao ni taarifa sahihi itolewe mapema na mwenye mfuko.

Ninachotaka si kikubwa. Tathmini ya uhai wa mfuko, ile inayofanywa na wataalamu kuona kama utaweza kulipa miaka ijayo, itolewe hadharani kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na hesabu ya nani anadaiwa na mfuko na amelipa kiasi gani. Wastaafu wawe na wawakilishi waliowachagua wao wenyewe mahali maamuzi ya mfuko yanapofanyika, kwa haki na wala si kama wageni waalikwa. Kabla kanuni ya mafao haijabadilishwa tena, mifano ya hesabu ya mishahara halisi ibandikwe kwenye kila ofisi ya halmashauri, kila shule na kila kituo cha afya, tuisome kabla ya kusainiwa. Na vyama vya wafanyakazi vitenge sehemu ya makato yetu iwe nauli na karatasi za hawa wazee, kwa sababu wanafanya kazi ambayo vyama vililipwa kuifanya.

Kwa wenzangu wa kundi: nimeomba ruhusa kwa yule mzee, amekubali kuja ofisini kwetu Jumamosi baada ya mwezi mpya kuanza, na kaunta buku lake. Njooni na hati ya malipo ya mwezi uliopita, barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa, na taarifa ya michango kutoka PSSSF. Atamkokotolea kila mtu mbele yake, kwa jina lake na mshahara wake. Aliyeandika ule ujumbe nimemwekea kiti cha mbele, na ninamaanisha kwa heshima kabisa, maana katika sisi wote yeye ndiye anayestaafu mapema.