Testosteroni na moyo: onyo limeondolewa, swali limebaki

Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaagiza watengenezaji wa dawa za testosteroni, homoni ya kiume, waeleze katika maelezo ya dawa hizo kwamba huenda zikaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Februari 2025 mamlaka hiyo hiyo iliagiza maneno hayo yaondolewe, na dawa ambazo hazikuwa na onyo la kupanda kwa shinikizo la damu ziwekewe. Wapo walioupokea uamuzi huo kana kwamba homoni hii imepewa hati safi. Naona wameishia katikati ya habari.

Hofu ya awali haikuwa ya kubuni. Mwaka 2010 utafiti wa wanaume 209 wa miaka 65 na kuendelea, wenye shida ya kutembea, ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu 23 kati ya waliopakwa jeli ya testosteroni walipata matatizo ya moyo na mishipa, ilhali katika kundi la jeli tupu, isiyo na dawa, walikuwa 5. Ulikuwa utafiti mdogo, tena haukuandaliwa kupima moyo, lakini ni nani angethubutu kuuendeleza?

Upande wa pili nao una hoja. Imeonekana mara nyingi kwamba wanaume wenye testosteroni ndogo ndio pia wenye kisukari, vitambi na vifo vya mapema, na baadhi ya madaktari wakasema basi ijazwe iliyopungua. Hapo ndipo hoja inapoteleza, kwa kuwa unene wenyewe hushusha homoni hii, na maradhi ya muda mrefu vilevile. Mtu akipungua uzito, mara nyingi kiwango chake hupanda bila dawa. Kipimo kidogo kinaweza kuwa alama tu ya mwili unaoumwa, na kuirekebisha alama hakuuponyi mwili.

Jibu zito lilikuja mwaka 2023 kupitia utafiti uitwao TRAVERSE, uliowashirikisha wanaume 5,246 wa miaka 45 hadi 80, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Vifo vitokanavyo na moyo, mashambulio ya moyo na viharusi viliwapata asilimia 7.0 ya waliotumia testosteroni na asilimia 7.3 ya waliopewa jeli tupu. Kwa hiyo dawa haikudhuru zaidi, lakini pia haikukinga, na hili la pili ndilo linalorukwa na wauzaji. Isitoshe, zaidi ya nusu ya washiriki waliacha kupaka jeli kabla ya mwisho. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yaliwapata asilimia 3.5 ya waliotumia testosteroni dhidi ya 2.4 ya wengine, na damu iliyoganda kuziba mishipa ya mapafu asilimia 0.9 dhidi ya 0.5.

Testosteroni huuchochea uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, na damu huwa nzito. Ndiyo maana daktari makini hurudia kipimo cha damu baada ya miezi michache, na sehemu ya chembe hizo ikipita asilimia 54 husimamisha dawa.

Tena washiriki wa TRAVERSE walikuwa na dalili za upungufu wa homoni hii, na vipimo viwili vya asubuhi kabla ya kula vilivyokuwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita. Kijana wa jimu anayejidunga dozi mara kadhaa ya ile ya tiba ili atunishe misuli hawezi kujikinga kwa matokeo yao, wala mzee aliyechoka tu bila kupimwa.

Kwetu jambo hili hufika kwa jina la nguvu za kiume, kwenye vibao vya barabarani na matangazo ya simu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo athari za mafuta, sukari na sigara huonekana huko kwanza, pengine miaka kadhaa kabla kifua hakijaanza kubana. Mwanamume wa miaka 50 anayenong'ona dukani kuulizia dawa hiyo huenda amebeba habari za moyo wake bila kujua, na muuzaji anayempa sindano au kopo la unga bila kumpima presha wala sukari anamrudisha nyumbani na habari hizo zikiwa bado hazijasomwa.