Dada yangu hakujichubua

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye shughuli ya mahari ya binamu yetu. Viti vya plastiki vimejaa uani, pilau linanukia, wageni wanasubiri. Dada yangu mkubwa akapita na sinia la soda. Mama mmoja, ambaye tunamwita shangazi kwa heshima tu, akamwinamia jirani yake na wala hakupunguza sauti: "Mkorogo huo. Ona mashavu yalivyoungua." Dada alisikia. Aliliweka sinia mezani, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka jioni.

Mashavu yale hayakuunguzwa na krimu. Doa lile linalotanda mashavu yote mawili na kukatiza juu ya pua, mfano wa kipepeo aliyefungua mabawa, ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kwenye ngozi zetu huwa jeusi zaidi kuliko jekundu, ndiyo maana watu huliona wakadhani mtu amejichubua.

Miaka mitatu tulihangaika kabla ya kulijua jina hilo. Kwanza ilikuwa malaria. Kisha taifodi, halafu malaria tena. Nywele zilibaki kwenye mto. Asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa hata hawezi kufungua chupa ya chai. Aliibana katikati ya magoti na kukizungusha kifuniko kwa viganja viwili, machozi yanamlengalenga. Na kila tulikokwenda, baada ya vipimo kurudi safi, maneno ya mwisho yalikuwa yaleyale: "Dada, punguza mawazo."

Hayo ndiyo yanayonichoma. Mkorogo ni umbea wa uani. Wa kurogwa nao tuliwasikia tukawaacha. Lakini "mawazo" yanatoka kwa watu waliosoma, na mgonjwa anayaamini. Dada yangu aliyaamini. Alikaa miezi akijilaumu kwamba ana roho nyepesi, huku figo zake zikishambuliwa.

Kati ya wagonjwa kumi wa lupasi, kama tisa ni wanawake. Hesabu hiyo imetumika kutunyamazisha: ugonjwa wa wanawake, basi ni homoni, ni hasira, ni ndoa. Ilhali swali la kwa nini wanawake limeanza kupata jibu la kueleweka, na jibu hilo sijalisikia kwenye kliniki hata moja tuliyopita.

Mwanamke ana kromosomu X mbili, yaani nyuzi za DNA zinazobeba maelekezo ya mwili, mwanamume ana moja. Zote mbili zingefanya kazi, tungekuwa na dozi maradufu ya kila kilichomo. Kwa hiyo kila seli ya mwanamke huizima moja, kazi inayofanyika mapema sana tukiwa bado tumboni. Mwanasayansi Mary Lyon alilieleza hilo mwaka 1961. Kinachozima kilitambuliwa mwaka 1991, na si protini. Ni RNA, yaani nakala inayotolewa kwenye DNA, inayoitwa XIST, yenye herufi zipatazo 17,000, na katika herufi zote hizo hakuna protini hata moja inayotengenezwa. Inatoka kwenye X ileile inayotakiwa kuzimwa, inairudia, inaifunika yote kama khanga. Shuleni tulifundishwa kwamba RNA ni tarishi wa kupeleka maelekezo ya protini, na DNA isiyo na maelekezo hayo, yaani karibu asilimia 98 yake, ikabaki kuitwa takataka. Natamani neno hilo lifutwe kwenye madaftari ya watoto wetu.

XIST haikai peke yake. Inashikamana na makumi ya protini, na seli inapokufa furushi hilo zima linaweza kumwagika nje na kukutana na mfumo wa kinga. Februari 2024, maabara ya Howard Chang ya Chuo Kikuu cha Stanford ilichapisha utafiti kwenye jarida la Cell. Walichukua panya madume, ambao kwa kawaida hawana XIST, wakawatia XIST iliyopunguzwa makali ili isizime kromosomu. Kisha wakawadunga kemikali inayoamsha ugonjwa unaofanana na lupasi. Katika ukoo wa panya walio wepesi kuugua, madume wenye XIST waliugua kwa kiwango kinachokaribia cha majike. Na kwenye damu ya wagonjwa wa kweli wa lupasi, watafiti walikuta kingamwili zinazozishambulia protini zilezile zinazoshikamana na XIST.

Panya dume! Hana wingi wa homoni za kike, hana ndoa inayomkosesha usingizi. Kuliko madume wenzake waliodungwa kemikali ileile, ameongezewa RNA moja tu ambayo mama zetu wote wanayo, akaugua zaidi. Na wanaume waliozaliwa na X mbili na Y moja hupata lupasi kama mara 14 zaidi ya wanaume wengine. Hao nao tuwaambie wapunguze mawazo?

Kuna RNA nyingine, ndogo kupita kiasi, herufi 22 hivi, inaitwa miR-146a. Ndani ya seli kuna kipokezi kiitwacho TLR7 ambacho kikiigusa RNA hupiga mbiu. Mbiu hupita kwa IRAK1 na TRAF6, protini mbili zinazopokezana ujumbe, na mwisho wake mwili humwaga intaferoni, kemikali ileile inayokufanya uumwe viungo vyote ukiwa na mafua makali. Mwaka 2006 maabara ya mwanasayansi David Baltimore ilionyesha kwamba mbiu ya namna hii yenyewe huamsha miR-146a, nayo hurudi kuwabana IRAK1 na TRAF6 ili kelele zipungue. Ni breki. Mwaka 2009 watafiti wa Shanghai walipima wagonjwa wa lupasi wakakuta miR-146a yao iko chini. Intaferoni inamwagika, na breki imelegea. Uchovu wa dada yangu, ule wa kulala kwa muda wa saa kumi na kuamka amechoka, tuliuita uvivu. Mimi mwenyewe niliuita hivyo, na namwomba radhi hapa mbele yenu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba panya si mtu. Nakubali wanaume wa XY nao huugua, kwamba jua na maambukizi yana sehemu yao, na kwamba msongo wa mawazo unaweza kuuchochea ugonjwa uliokwishakuwepo. Kuchochea moto si kuuwasha. Nakubali pia kwamba utafiti wa XIST bado haujatupa kidonge.

Kidonge alichonacho dada ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoinywa utotoni kwa malaria, ile chungu ya kuwashisha mwili mzima. Sehemu ya kazi yake ni kuizuia RNA isikishike kile kipokezi, TLR7. Mwaka 2020 dunia ilipoikimbilia dawa hii kwa ajili ya korona, wagonjwa wa lupasi nchi nyingi waliikosa. Sisi tulizunguka maduka ya dawa siku mbili, tukapata vidonge kumi.

Jumapili, siku ya pili ya shughuli, nilimkuta dada jikoni anaosha vyombo na maji ya uvuguvugu kwa sababu ya vidole. Nikachukua kadi ya mchango wa harusi, nikachora nyuma yake X mbili, moja nikaizungushia mistari mpaka ikafunikwa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alifuta mikono, akaiangalia muda mrefu.

"Na wewe unayo hii?"

"Ninayo."

"Na shangazi?"

"Anayo."

Akaikunja kadi mara mbili, akaitia kwenye pochi anamoweka dawa zake.